Flashi ipi inaelewana na kamera yako: Godox, Yongnuo au ya kampuni yenyewe?

Muuzaji aliichukua flashi, akaisukuma juu ya kamera yangu mpaka ikagota, akasema, "Unaona kaka, imeingia. Hii inaingia kamera zote." Na kweli iliingia. Kamera ilikuwa Canon 4000D, flashi ilikuwa ya pini moja ya bei nafuu, na Jumamosi ile nilikuwa na send-off ya kupiga Mbagala. Nilipofika ukumbini nikawasha, nikabonyeza, flashi kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Nikabonyeza kitufe cha majaribio kilicho nyuma ya flashi yenyewe, ikawaka vizuri kabisa. Nikarudisha kidole kwenye kamera: kimya. Usiku mzima nilipiga kwa kile kiflashi kinachochomoza kwenye kamera, na picha za meza kuu zikatoka nyuso zinameremeta mafuta, nyuma yake giza tupu, mapambo yote ambayo kamati ilichangia hayaonekani.

Flashi ilikuwa nzima na kamera ilikuwa nzima. Shida ni kwamba Canon walipotoa 4000D na 2000D mwaka 2018 waliondoa pini ya katikati, ile ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikiwasha flashi ya kampuni yoyote. Mwaka uliofuata 250D nayo ikatoka bila pini hiyo. Hizi ndizo kamera ambazo kijana anayeanza kazi hununua, na flashi ya pini moja ndiyo ambayo mfuko wake unaimudu. Kwa hiyo ulinganisho wangu unaanzia kwenye kamera. Bei na nguvu vinakuja baadaye.

Tazama kamera kutoka juu

Toa kifuniko cha pale pa kuchomekea flashi, uinamishe kamera kwenye mwanga. Katikati utaona kidoa cha chuma cha duara; hiyo ndiyo pini ya katikati niliyoitaja. Kwa 4000D hakipo, pamebaki plastiki. Kidoa hicho kina kazi moja tu: kuiambia flashi iwake sasa hivi. Vidoa vidogo vilivyokizunguka, vinne kwa Canon na vitatu kwa Nikon, ndivyo vinavyobeba mazungumzo: kamera inaitajia flashi ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi, umbali wa zumu na kiasi cha mwanga unaotakiwa. Sasa geuza flashi uitazame mguu wake. Ukiona pini moja peke yake, hiyo inajua kuwaka tu. Ukiona pini nne au tano, hiyo inajua kuongea, na swali linalobaki ni inaongea lugha ya nani.

Maana kila kampuni ina yake. Canon ni E-TTL II, Nikon ni i-TTL, Sony na Fujifilm wana zao, Olympus na Panasonic wanatumia moja. Vidoa vyenyewe vimekaa mahali tofauti. Flashi ya Nikon ukiichomeka kwenye Canon yenye pini ya katikati, ukibahatika itawaka kama ya mkono, yaani ile unayoipangia nguvu mwenyewe, mazungumzo hayatakuwapo. Ndiyo sababu Godox hutengeneza flashi ileile kwa matoleo kadhaa na kuweka herufi mwishoni mwa jina: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Herufi hiyo ni ndogo kwenye boksi. Isome wewe mwenyewe, usimwachie muuzaji, na hakikisha kilichomo ndani ya boksi kinafanana na kilichoandikwa nje.

Kwa Nikon mambo ni mepesi. Lugha ya i-TTL imekuwapo tangu 2003, pini ya katikati ipo, na D3500 au D5600 itakubali flashi ya pini moja na itaongea na flashi yenye N bila matatizo. Zina upungufu mmoja nitakaoutaja chini.

Sony inataka umakini. Kamera zao kubwa za kabla ya 2012, kama A200 na A77, zilirithi kwa Minolta mahali pa kuchomekea penye umbo la peke yake. Flashi ya kawaida hata haiingii bila adapta. Tangu 2012 wamehamia umbo la kawaida, ila vidoa vya mazungumzo vimefichwa mbele, chini ya ukingo. Flashi ya pini moja inawaka, lakini nyingine hucheza kidogo na kuruka picha, kwa hiyo kwa A6400 au A7 III mimi ningechukua yenye S hata kama ni ya mkono. Na hapa kuna onyo kubwa zaidi: ZV-E10 ya kwanza inatumia flashi vizuri, ila ZV-E10 II iliyotoka 2024 haina shata ya kimakanika (mapazia yanayofunguka na kufunga mbele ya sensa), na haitumii flashi kabisa. Si suala la kuchagua chapa nyingine. Ukishanunua kamera hiyo, sahau flashi, nunua taa ya LED.

Kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani nazo zina jambo lao. R7 na R10 zina mfumo mpya wa vidoa vingi, na bado zinapokea flashi za zamani moja kwa moja. R50, ndogo yao, imebaki na mfumo mpya peke yake. Ili flashi ya kawaida ya Canon ifanye kazi juu yake inabidi ununue adapta iitwayo AD-E1, au uchukue flashi iliyotengenezwa kwa mfumo huo mpya, kama EL-5. Bei ya adapta iingize kwenye hesabu kabla hujafurahia bei ya flashi.

TTL na ya mkono

TTL maana yake kamera inapima mwanga kupitia lenzi yenyewe. Ukibonyeza, flashi inatoa mweko mdogo kwanza, kamera inaupima, inaamua kiasi, ndipo mweko wa kweli unapowaka. Yote hayo yanapita haraka kiasi kwamba jicho linaona mweko mmoja. Ya mkono haipimi chochote: unaichagulia kuanzia nguvu yote mpaka sehemu moja ya 128, na itatoa kiasi hicho mpaka uibadilishe.

Walimu wengi wa mtandaoni husema anza na ya mkono ili ujifunze. Nakubaliana nao kwa mtu wa studio. Kwa picha za paspoti, picha za bidhaa, au pale umesimamisha kitambaa na kiti na mteja anakuja kukaa palepale, TTL ni hela ya kupoteza. Umbali haubadiliki, unapanga mara moja asubuhi na unafunga jioni.

Kwenye harusi maisha ni mengine. Bibi harusi anaingia, yuko mita sita kutoka kwako. Sekunde chache baadaye yuko mita mbili. Mara mama mkwe anatokea ubavuni na vigelegele, huyu hapa nusu mita. Ukiwa na ya mkono, kila hatua hiyo inataka kidole kwenye kitufe, na picha ya kuingia hairudiwi. Hapo TTL inajilipa kwa usiku mmoja.

Lakini ujue inapokosea, maana inakosea kwa mtindo uleule kila mara. Kamera haijui inatazama nini. Inaona weupe au weusi tu. Shela jeupe likijaza picha, kamera inadhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa bibi harusi, hasa mwenye ngozi nyeusi kama ya wengi wetu, unatoka na kiza. Suti nyeusi ya bwana harusi ikijaza picha, mambo yanageuka: uso unaungua. Dawa ni kile kitufe cha kuongeza na kupunguza cha flashi. Shela peke yake mimi huongeza kati ya nusu na moja, suti nyeusi peke yake napunguza karibu kiasi hicho, wakiwa pamoja naacha sifuri. Flashi ambayo marekebisho hayo yamefichwa ndani ya menyu mbili tatu inachosha. Jaribu dukani uone unayafikia kwa gurudumu moja.

Sasa ule upungufu wa Nikon. Kamera nyingi zina kikomo cha spidi ya shata zikitumia flashi: 1/200 au 1/250 ya sekunde, A6400 ni 1/160. Ukipita hapo, mapazia ya shata hayafunguki yote kwa pamoja, na picha inatoka na mstari mweusi. Flashi zenye uwezo wa spidi ya juu, unaoandikwa HSS, hupepesa mwanga mfululizo pazia likipita, na hapo unaweza kupiga mchana wa jua kali ufukweni Kigamboni kwa tundu pana la f/2.8 na nyuma kukatoka laini. D3500 na D5600 hazina uwezo huo hata uzivike flashi ya bei gani. Kwa hiyo mwenye D5600 asilipie HSS, isipokuwa kama anajua atabadilisha kamera karibuni.

Zinazogombewa dukani

Za mkono ni mbili. Yongnuo YN560 IV na Godox TT600. Zote mbili ni pini moja, zote zinakula betri nne za AA, zote zina redio ndani yake kwa ajili ya kuwashwa kutoka mbali. Kwa mwanga hazipishani sana. Picha ukiitazama huwezi kusema ipi ni ya ipi. Zinapopishana ni redio. YN560 IV inaelewana na triga (viwashio vya redio vinavyokaa juu ya kamera) za Yongnuo za RF-603 na YN560-TX, na inaweza yenyewe kukaa juu ya kamera na kuziamrisha nyingine za aina yake. TT600 imo kwenye mfumo wa Godox X, ambao unatumika na karibu kila kitu wanachotengeneza: flashi ndogo, flashi kubwa, taa za studio za kuchomeka ukutani. Ukianza na TT600 leo, mwakani ukaongeza ya TTL na mwaka wa pili taa ya studio, triga moja inaziwasha zote. Jambo hilo tu linanifanya niichague Godox. Zaidi ya hapo, TT600 ikiwa mbali na kamera na triga yenye HSS juu, nayo inafanya HSS. YN560 IV haiwezi. Ila kama tayari una Yongnuo mbili nyumbani, usizitupe kwa maneno yangu. Ongeza ya tatu.

Hakuna hata moja kati ya hizo mbili itakayowaka juu ya 4000D, 2000D au 250D. Nimeshalisema, narudia, kwa sababu bado naona vijana wanauziwa.

Kwa wenye kamera hizo, na kwa yeyote wa harusi, ya kutazama ni Godox TT685II. Ina TTL, HSS, redio ileile ya X, betri nne za AA, na mlango wa USB-C wa kusasishia programu yake kampuni ikitoa kamera mpya. Ina pia kitu ninachokipenda sana: unapiga moja kwa TTL, ukiona mwanga umekaa vizuri unabonyeza, na kiasi kilekile kinahamia kwenye mkono na kubaki hapo. Picha za makundi ya ndugu, pale watu wanabadilishana kwenye mstari na umbali ni uleule, zinatoka sawa zote.

V860III ni ndugu yake wa betri ya lithiamu. V1 ni hiyohiyo kwa nguvu, ila kichwa chake ni cha duara, na vifaa vya kulainisha mwanga vinakaa kwa sumaku. Mwanga wa kichwa cha duara unaishia taratibu pembeni badala ya kukatika kwa pembe, na ukipiga mtu karibu na ukuta utaiona tofauti. Ukigeuza flashi kuelekea dari, tofauti hiyo haipo. Mpiga harusi anayegeuza flashi juu usiku kucha achukue V860III, abaki na chenji.

Halafu kuna za kampuni zenyewe: 430EX III-RT kwa Canon, SB-700 kwa Nikon. Zimejengwa vizuri, na kamera mpya ya kampuni ikitoka wasiwasi wa kuelewana ni mdogo, ingawa R50 niliyoitaja bado inadai adapta. Bei yake lakini mara nyingi inanunua Godox mbili za TTL. Mwenye ajira ya gazeti, anayepewa vifaa na ofisi, achukue ya kampuni. Anayejilipia mwenyewe, mawazo yangu ni kwamba flashi mbili za kawaida zinampa kazi nzuri kuliko moja ya kifahari: moja juu ya kamera, ya pili nyuma ya meza kuu ikitenganisha watu na mapambo.

Usidanganywe na namba ya nguvu

Kwenye boksi utaona GN na namba. Ukiigawa kwa namba ya tundu la lenzi unapata mita ambazo mwanga unafika kwa ISO 100. GN 60 kwa f/4 ni mita 15. Tatizo ni kwamba kila kampuni hupima kichwa cha flashi kikiwa kimebanwa kwa zumu tofauti. TT600 na TT685II ni 60 kwa zumu ya milimita 200. YN560 IV ni 58 kwa 105. 430EX III-RT ni 43 kwa 105. SB-700 ni 28, lakini kwa 35. Ukizisoma namba tupu utadhani Nikon ni dhaifu mara mbili. Kichwa kikibanwa mwanga unakusanyika, namba inapanda; ukumbini huipigi flashi kwa milimita 200, kwa hiyo hiyo 60 hutaiona kamwe. Na ukishapandisha ISO kutoka 100 mpaka 400, umbali unaongezeka maradufu bila kulipa senti.

Kinachokula nguvu kweli ni dari. Ukumbi wenye jipsamu nyeupe ya kimo cha nyumba ya kawaida, flashi yoyote kati ya hizi inatosha kwa ISO 800. Ukumbi wa paa refu lililojaa vitambaa vya zambarau ni kesi nyingine: mwanga unapanda mweupe, unashuka zambarau, na kila mgeni anafanana na mgonjwa. Hapo hakuna flashi itakayokuokoa kwa nguvu. Geuzia kichwa nyuma yako kwenye ukuta mweupe kama upo, au weka ya pili kwenye stendi na mwavuli. Turubai jeupe, kwa upande mwingine, ni zawadi; liko chini, na linarudisha mwanga laini kuliko kumbi nyingi za gharama.

Betri, mahali pesa inapovuja

TT685II inachukua mpaka sekunde 2.6 kujaa tena baada ya mweko wa nguvu yote, na kampuni inatoa kama mieko 230 kwa seti ya betri nzuri za kuchaji. V860III inajaa kwa sekunde 1.5 na inakwenda mieko 480 kwa chaji moja. Sekunde moja inaonekana ndogo ukiisoma hapa. Isubiri wakati keki inakatwa, kidole kimebonyeza, taa nyekundu haijarudi, na bibi harusi keshameza kipande.

Zile AA za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa ajili ya redio na rimoti usiziweke kabisa. Baada ya picha chache flashi inaanza kusuasua, ukifungua mlango zimepata moto hushiki. Nunua nane za kuchaji za nikeli za milliampea-saa (mAh) 2000 hivi, nne ndani na nne mfukoni, uziandike namba kwa kalamu ili zitembee pamoja na kuchajiwa pamoja. Bei ya hizo nane na chaja yake iongeze kwenye bei ya TT685II, ndipo uilinganishe na V860III ambayo betri na chaja zimo ndani ya boksi. Pengo linapungua sana. Kwa upande wa pili, betri ya lithiamu ikikufia saa nne usiku Mkuranga, hakuna duka la jirani lenye nayo; AA hukosi. Mwenye V860III awe na betri ya pili, au asitoke nje ya mji.

Flashi ya mzee aliyestaafu

Kuna flashi za enzi za filamu zinazozunguka kwa bei ya kutupa, na baadhi ni imara ajabu. Usizichomeke moja kwa moja. Vivitar 283 za zamani, kwa mfano, zipo zinazopeleka zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati, na kamera ya dijitali inaweza kuungua njia ya umeme papo hapo. Muombe fundi wa redio akupimie kwa mita: flashi imejaa, waya mmoja kwenye pini, mwingine kwenye chuma cha pembeni cha mguu. Ikizidi volti 6, usiiweke kwenye kamera ambayo hujui kikomo chake. Na usiifungue mwenyewe. Kapasita ya ndani hubaki na mamia ya volti hata betri zikiwa zimetolewa.

Ukiwa kaunta

Nenda na kamera yako, lenzi yako na betri zako zilizojaa. Weka kamera kwenye M, spidi 1/125, chomeka flashi, funga kufuli la mguu. Tazama skrini ya flashi: kama ni ya TTL na inaonyesha namba ya f, badili tundu la lenzi kwenye kamera na uangalie kama f kwenye flashi imebadilika nayo. Ikibaki palepale, hawaongei. Piga picha kumi mfululizo ukilenga dari, usimamishe muuzaji mita mbili, kisha mita tano, uangalie kama uso wake umetoka sawa. Tikisa flashi kidogo juu ya kamera huku ukipiga. Ikiruka hata moja, omba nyingine. Na akikuambia inaingia kamera zote, mwombe abonyeze yeye.